Mnamcheka mchota maji, na kiu yenu kaikata nani?

Najua nimeadimika hapa karibu wiki tatu. Zamu za usiku zimenibana, na ukurasa wetu wa michezo siku hizi una watu wawili tu, mimi na mwenzangu ambaye mkewe kajifungua hivi karibuni (hongera sana kaka). Leo nimepata upenyo na nimekuja na hasira kidogo. Mtanisamehe.

Nianze kwa kukiri kosa. Usiku wa Julai 9, 2024, Hispania waliifunga Ufaransa 2-1 pale Munich kwenye nusu fainali ya Euro. Mpira ulipokwisha nikakaa kwenye kompyuta nikamwaga nusu ukurasa juu ya Didier Deschamps. Nilimwita kocha mwenye bahati. Niliandika kwamba amepewa gari la mashindano yeye akaliendesha kama bajaji kwenye foleni. Ikatoka Alhamisi. Simu zikaita, watu wananipongeza, "umemchana kweli kweli". Nikavimba kichwa.

Mchana wake nikapishana kwenye ngazi na mzee mmoja wa meza ya wahariri, wale ambao walianza kazi enzi za taipureta.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile makala yako nimeisoma. Umeandika habari za kocha au habari za usingizi wako?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mtu amebeba Kombe la Dunia akiwa na bukta, akalibeba tena akiwa na suti, wewe unamwita mwenye bahati. Bahati gani hiyo inayokaa na mtu miaka thelathini?" Akaendelea na safari yake ya kwenda kunywa chai.

Tangu siku ile swali hilo linanikaa kooni. Na kila ninapokwenda kijiweni, kila ninapofungua mitandao, nakuta watu wanarudia yale yale niliyoandika mimi. Januari 2025 Deschamps alipotangaza kwamba ataachia ngazi baada ya Kombe la Dunia la 2026, niliona watu wanashangilia kama vile wamepunguziwa bei ya umeme. Eti sasa Ufaransa itacheza mpira. Eti kocha yeyote angeshinda na kizazi kile.

Jamani, hebu tukae chini tuhesabiane.

Kwanza hili jina la mchota maji limetoka wapi? Aliyelileta ni Eric Cantona, mwaka 1996. Alisema Deschamps hatakuwa zaidi ya mchota maji, na kwamba wachezaji wa aina yake unawaokota kila kona ya mtaa. Dunia nzima ikacheka. Cantona alikuwa Cantona bwana, kola juu, kifua mbele, Old Trafford wanamwimba. Deschamps alikuwa nani? Kijana mfupi wa Bayonne, kule kwa Wabasque, kiungo mkabaji asiyepiga chenga wala kanzu. Mabao manne katika mechi 103 za timu ya taifa. Manne!

Lakini hata mwaka huo wa 1996, tusiseme baadaye, huyo mchota maji alikuwa tayari na makombe mawili ya mabingwa wa Ulaya. La kwanza alilibeba Mei 1993 akiwa nahodha wa Marseille mwenye miaka 24, walipoifunga Milan 1-0 kwa kichwa cha Basile Boli. (Ndiyo, najua kashfa ya rushwa ya mechi ya Valenciennes. Marseille walipokwa ubingwa wa Ufaransa na wakashushwa daraja mwaka 1994. Hilo doa ni la klabu na halifutiki.) La pili alilipata na Juventus mwaka 1996, kwa penalti dhidi ya Ajax. Na huyo mtukufu aliyemcheka? Cantona hakuwahi kucheza hata dakika moja ya Kombe la Dunia, wala fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Simdharau, nampenda Cantona, nimetazama mabao yake yote mtandaoni. Nasema tu kwamba aliyecheka alikuwa na ndoo tupu.

Halafu neno lenyewe. Kwa Mfaransa kubeba maji ni tusi. Sisi huku uswahilini bomba likikaa siku nne bila kutoa hata tone, yule kijana wa mkokoteni na madumu yake anapokata kona watu wanamkimbilia na ndoo mkononi. Sijawahi kusikia mtu akimwambia eti kazi yako haina mvuto.

Twende 1998, mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini mechi zake nimezitazama zote. Mnakumbuka nini? Vichwa viwili vya Zidane kwenye fainali. Basi. Hamkumbuki kwamba Zidane huyo huyo alilambwa kadi nyekundu kwenye mechi ya Saudi Arabia akakosa mechi mbili, na kwamba dhidi ya Paraguay timu ilihangaika mpaka muda wa nyongeza, Laurent Blanc akaiokoa kwa bao la dhahabu. Hamkumbuki kwamba Ufaransa ile ilifungwa mabao mawili tu katika mechi saba, moja likiwa la penalti. Mabao yale hayakuzuiwa na malaika. Kulikuwa na ukuta wa akina Desailly na Thuram, na mbele yake kulikuwa na nahodha anayepayuka dakika tisini, anayesukuma huyu kushoto, anayemrudisha yule nyuma, anayeuchukua mpira na kuutoa mita tano kwa mwenye kipaji. Mita tano tu. Ndiyo kazi hiyo.

Na kuna jambo la 1998 ambalo linatuhusu sisi waandishi, naomba mlisome polepole. Kocha wa timu ile alikuwa Aimé Jacquet. Kabla ya mashindano gazeti la L'Équipe lilimsakama wiki baada ya wiki kwamba hana mbinu na timu yake inachosha. Alipolibeba kombe, gazeti likaomba radhi. Jacquet akasema hatawasamehe. Deschamps alikuwepo, ndiye aliyekuwa mkono wa Jacquet uwanjani, aliona kila kitu. Nikijiuliza kwa nini huyu bwana hajali tunachoandika, nadhani jibu liko hapo.

Mtasema sawa, mchezaji tumekubali, kocha je?

Haya. Ukimwambia mtu leo kwamba Deschamps aliwahi kufundisha timu iliyofunga mabao manane kwenye Ligi ya Mabingwa atadhani unatania. Novemba 2003, Monaco 8, Deportivo La Coruña 3. Na siyo Deportivo kibonde, ni Deportivo iliyofika nusu fainali msimu ule ule! Monaco yenyewe kiangazi cha mwaka huo ilikuwa imenusurika kushushwa daraja kwa sababu ya madeni. Robo fainali wakapangiwa Real Madrid ya Zidane, Figo, Raúl na Ronaldo. Wakafungwa 4-2 Hispania, wakashinda 3-1 nyumbani, wakapita kwa mabao ya ugenini. Aliyewaumiza Madrid ni Fernando Morientes, mchezaji wa Madrid wenyewe waliyemtoa kwa mkopo. Nusu fainali wakaipiga Chelsea 3-1 nyumbani wakiwa pungufu, watu kumi. Fainali wakapigwa 3-0 na Porto ya Mourinho, na nahodha wao Ludovic Giuly aliumia mapema akatoka.

Nitulie hapa kidogo kwenye Madrid, maana kuna mtu mwingine anatakiwa kutajwa. Kiangazi kile kile cha 2003 Madrid walimuuza Claude Makélélé, mtoto wa Kinshasa, kiungo mkabaji kama Deschamps. Waliona wana nyota za kutosha, mchota maji wa nini? Msimu wa kwanza bila yeye wakatolewa na timu ya mchota maji mwingine, na ubingwa wa Hispania hawakuuona tena hadi 2007. Kama nyinyi hamwoni uhusiano, mimi nauona.

Baada ya Monaco alikwenda Juventus mwaka 2006, na hapa ndipo ninapomvulia kofia hasa. Juventus walikuwa wameshushwa hadi daraja la pili kwa kashfa ya upangaji wa waamuzi, wakaanza na pointi za adhabu, hatimaye zikabaki tisa. Kocha mwenye jina kubwa hakubali kazi kama hiyo. Yeye akaenda kuwafundisha Buffon, Del Piero na Nedvěd kwenye viwanja vya miji midogo, akawarudisha juu wakiwa wa kwanza. Kisha akagombana na viongozi akaondoka kabla hata msimu haujaisha rasmi. Mwaka 2010 akaipa Marseille ubingwa wa Ufaransa ambao haujaonekana pale tangu 1992, yaani tangu yeye mwenyewe alipokuwa mchezaji wao. Vikombe vya Ligi vitatu mfululizo juu yake.

Tuje timu ya taifa, maana hapo ndipo kelele zilipo.

"Kocha yeyote angeshinda na vipaji vile." Hoja hii naisikia mpaka nimeichoka. Mwaka 2002 Ufaransa ilikwenda Korea na Japan ikiwa bingwa wa dunia na wa Ulaya. Ilikuwa na Thierry Henry, mfungaji bora wa England msimu ule. Ilikuwa na David Trezeguet, aliyemaliza kileleni mwa wafungaji wa Italia, na Djibril Cissé aliyemaliza kileleni Ufaransa. Wafungaji bora watatu wa ligi tatu kwenye kikosi kimoja! Wakafungwa na Senegal, wakatoka sare na Uruguay, wakafungwa na Denmark. Mechi tatu, bao sifuri, nyumbani. Najua Zidane alikuwa majeruhi, najua Vieira na Makélélé walikuwepo. Lakini vipaji si vilikuwepo? Deschamps alikuwa amestaafu timu ya taifa mwaka 2000, na aliyerithi sauti yake hakupatikana.

Mwaka 2010 Afrika Kusini, vipaji tena: Henry, Ribéry, Anelka, Evra. Anelka akafukuzwa kambini kwa kumtukana kocha, wenzake wakagoma kushuka kwenye basi pale Knysna, kocha Raymond Domenech akaishia kusoma tamko la wachezaji wake mwenyewe mbele ya waandishi. Aibu ile bara letu zima liliishuhudia.

Hiyo ndiyo timu aliyokabidhiwa Deschamps Julai 2012, baada ya Blanc. Novemba 2013 ilikuwa inakaribia kukosa Kombe la Dunia kabisa. Ilifungwa 2-0 Kyiv kwenye mechi ya kwanza ya mchujo. Marudiano akabadili wachezaji watano, wakashinda 3-0, na beki Mamadou Sakho ndiye aliyekuwa shujaa. Mtu aliyekuwa uwanjani Novemba 1993 siku Kostadinov wa Bulgaria alipoinyima Ufaransa Kombe la Dunia dakika ya mwisho, pale pale Paris, hakuhitaji kuelezwa maana ya usiku kama huo.

Kuanzia hapo hesabuni wenyewe: robo fainali 2014, fainali ya Euro 2016 nyumbani (Éder wa Ureno, dakika ya 109, bado inauma kwa wanaoipenda timu hii), ubingwa wa dunia 2018, Ligi ya Mataifa 2021, fainali ya dunia 2022. Euro ya 2021 waliaga mapema kwa Uswisi, kwa penalti, baada ya kuongoza 3-1 na kulegea. Sifichi.

Kuhusu 2018, ni kweli sare yao na Denmark ndiyo mechi pekee ya 0-0 kwenye mashindano yote. Ni kweli Olivier Giroud, mshambuliaji wa kati, alimaliza mechi saba bila bao. Ni kweli Blaise Matuidi, kiungo, alichezeshwa pembeni kama winga asiye na mabawa. Ila timu hiyo inayochosha iliifunga Argentina 4-3, na fainali ikaifunga Croatia 4-2. Na N'Golo Kanté, mchota maji wa kizazi hiki ambaye dunia nzima inampenda, alipozidiwa kwenye fainali alitolewa dakika ya 55. Deschamps hakumwonea huruma hata mtu aliyefanana naye. Siku hiyo aliungana na Zagallo na Beckenbauer, watatu tu waliolibeba kombe wakiwa wachezaji na wakiwa makocha. Wenzake wote wawili walifariki Januari 2024.

Lakini mechi ninayotaka kuwarudisha ni ile aliyoshindwa. Fainali ya Lusail, Desemba 18, 2022. Kabla ya mashindano alimpoteza Pogba, akampoteza Kanté, akampoteza Benzema siku chache kabla ya kipyenga. Timu isiyo na kiungo. Akafanya nini? Akamchukua Antoine Griezmann, mfungaji, akamgeuza mchota maji! Na Griezmann alikubali, akawa miongoni mwa wachezaji bora wa mashindano yale.

Fainali yenyewe ikaanza vibaya, 2-0. Dakika ya 41, hata mapumziko hayajafika, "mwoga" wenu akamtoa Giroud na akamtoa Ousmane Dembélé. Giroud! Mtu aliyekuwa ametoka kuvunja rekodi ya mabao ya Henry wiki mbili nyuma. Kipindi cha pili akamtoa Griezmann pia. Nilikuwa kibanda umiza siku ile, tumebanana kama dagaa, na mtu nyuma yangu akapiga kelele kwamba kocha kachanganyikiwa. Dakika ya 80 Mbappé, dakika ya 81 Mbappé. Kibanda kilikaribia kuanguka. Ikaisha 3-3, na sekunde za mwisho kabisa Kolo Muani, mmoja wa wale walioingia dakika ya 41, akabaki na kipa peke yake, mguu wa Emiliano Martínez ukautoa. Sentimita chache zilizobaki Deschamps awe kocha wa kwanza kutetea Kombe la Dunia tangu Vittorio Pozzo wa Italia mwaka 1938. Penalti zikaamua vingine. Huyo ndiye mnayeniambia hana ujasiri?

Sasa Benzema. Hapa sitamtetea kirahisi, maana jambo lenyewe si rahisi.

Mwaka 2015 Karim Benzema aliingia kwenye mkono wa sheria kwa tuhuma za kushiriki kumbana mwenzake Mathieu Valbuena juu ya mkanda wa faragha. Akaondolewa timu ya taifa. Kabla ya Euro 2016 Cantona (yeye tena) akadokeza kwamba ni ubaguzi, na Benzema akasema Deschamps ameinama mbele ya sehemu ya Ufaransa yenye ubaguzi. Siku chache baadaye ukuta wa nyumba ya Deschamps ukaandikwa neno "mbaguzi". Ubaguzi Ufaransa upo, asiyeuona amefumba macho kwa makusudi, na mashabiki waliomzomea Benzema kwa jina na dini yake walikuwepo. Lakini kulibandika neno hilo kwa mtu ambaye miaka yote amejenga timu yake juu ya Pogba, Kanté, Matuidi, Umtiti na Mbappé, mimi naona ilikuwa ni kutafuta ukuta wa karibu wa kupaka rangi. Alimrudisha Benzema Mei 2021, kesi ikiwa bado haijaamuliwa. Novemba mwaka huo mahakama ya Versailles ikamtia hatiani, kifungo cha nje cha mwaka mmoja na faini ya euro 75,000, na bado akaendelea kumwita.

Na Valbuena? Aliyetendewa? Hakuitwa tena timu ya taifa baada ya Oktoba 2015. Hakuna aliyeandika jina lake ukutani kwa mtu, na wala hakuna aliyemsema Deschamps kwa hilo, ingawa alikuwa mchezaji wake tangu Marseille. Mkitaka kosa la Deschamps katika sakata lile, lipo hapo. Nimeshangaa sana kwamba kwa miaka yote niliyosoma habari hizo, mimi mwenyewe sikuwahi kulifikiria mpaka nilipoanza kuandika hii.

Narudi kwenye Euro 2024, maana sitaki mseme nimekwepa. Ilikuwa mbaya. Mpaka wanafika nusu fainali walikuwa na mabao matatu: mawili ya kujifunga wapinzani na moja la penalti. Mwandishi mmoja alipomwambia mpira wake unachosha, akamjibu kwamba kama anaboreka atazame kitu kingine. Jibu la kiburi, na siku mbili hazikupita Lamine Yamal akawaadhibu. Kwa mashindano yale kila mtu ana haki ya kulalamika. Mimi silalamikii malalamiko, nalalamikia sisi kuchukua mwezi mmoja wa Julai tukaufanya ndiyo maisha ya mtu. Juni 2025 timu hiyo hiyo ilikuwa nyuma 5-1 dhidi ya Hispania kwenye Ligi ya Mataifa ikamaliza 5-4, na wale wale waliolala 2024 wakaandika kwamba hajui kulinda. Achague lipi?

Makala yangu ya nusu ukurasa bado ipo kwenye mafaili, jina langu juu kwa herufi nene. Nilimwomba mhariri wangu nafasi niandike upande wa pili. Akaniambia Deschamps hauzi gazeti, nimletee kitu cha Mbappé. Ndiyo maana mmekisomea hapa.

Haya wadau, wanaobisha uwanja ni wenu. Ila ukija na hoja ya "kocha yeyote", njoo na jina la kocha. Mimi nawahi gari la mwisho.